Saa ya Duka la Masasi Iliyokaribia Kumrudisha Veridiana Newala

Saa tatu asubuhi mjini Masasi. Mlango wa bati wa duka la Lukmani uko nusu wazi, na Veridiana Namtula ameshavua viatu vyake akavipanga chini ya meza. Anafuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta kwa kipande cha kanga, anabonyeza kitufe, anasubiri. Mashine inakoroma kama mtu mwenye mafua.

Kioo kinapowaka, hafungui barua ya mteja yeyote. Anatazama saa ya mkononi mwake, anatazama saa ndogo iliyo pembeni ya kioo, anahakikisha zinalingana. Halafu anafanya jambo la ajabu zaidi. Anafungua hesabu yake na kuandika kosa kwa makusudi. Mahali pa mbili anaweka elfu mbili, anaiamuru mashine ipige, kisha anakunja mikono. Jibu linatoka limeharibika vibaya, tarakimu zimeruka huku na huko.

Veridiana anatabasamu. Anafuta lile kosa, anaweka mbili yake, sasa ndiyo anaanza kazi.

"Namkanyaga mguu kwanza," anasema. "Akipiga kelele, najua yuko macho. Akinyamaza, naogopa."

Hofu hiyo ina asili yake, na ndiyo sababu ya makala haya. Mzazi mwenye mtoto anayependa hesabu asome mpaka mwisho. Na kijana anayeamini kila jibu linalotoka kwenye mashine, yeye asome mara mbili.

Kibao cha nje kinasema duka linachapa barua, linatoa fotokopi na linatengeneza kadi za harusi. Hayo yote Veridiana anayafanya. Asubuhi hii ameingia Isabela, mama muuza vitenge wa mtaa wa pili, anataka tangazo la kukodisha chumba.

"Vero, hizo chembe zako umezikamata, au bado zinakukimbia?" Isabela anauliza, huku akikaa bila kukaribishwa.

"Nimezikamata dada. Nimezifungia humo ndani."

"Ukimaliza nipe mbili nikapandie mboga."

Wote wanacheka. Lakini hapo katikati ya mwaka, hakuna aliyekuwa anacheka dukani humu.

Veridiana ana miaka ishirini na saba. Kwao ni Newala, pale ukingoni mwa nyanda za juu unapoona bonde la Ruvuma limejilaza chini kama mkeka. Ni mtoto wa pekee wa Mama Dominika, mkulima wa mikorosho na muhogo. Baba yake alifariki Veridiana akiwa darasa la tano. Mama akamlea kwa mikorosho na kwa kubeba maji kichwani, maana Newala hata mgeni anajua, mtu anaweza kukupa korosho bure akakunyima kikombe cha maji.

Akafaulu. Akaenda sekondari, akaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akasoma fizikia. Alipomaliza, mwaka 2002, ajira za serikali zilikuwa zimebana, na kampuni za watu binafsi zilizokuwa zinafunguliwa kila kona zilitaka wahasibu na wauzaji. Wa fizikia hakuitwa na mtu. Akarudi kusini na cheti chake ndani ya bahasha.

Ndipo alipokutana na Lukmani.

Lukmani, ambaye watu humwita Baba Bimdogo kwa jina la bintiye, alikuwa wakala wa kununua korosho. Soko lilipoachiwa huru, kila mwenye mizani alikuwa mnunuzi, na yeye alizunguka Tandahimba na Lisekese akinunua kwa niaba ya matajiri. Bei ilipoanguka, matajiri wakatoweka kama moshi. Lukmani akaenda Dar es Salaam na akiba iliyobaki, akarudi na kompyuta iliyokwisha kutumika na mashine ya fotokopi.

"Kompyuta yenyewe sikujua hata inawashwaje," anasema Lukmani. "Niliambiwa ni mali, nikanunua mali. Huyu binti ndiye aliyeifanya iwe mali kweli."

Walikubaliana hivi: Veridiana atachapa kazi za wateja kwa mshahara wa shilingi elfu arobaini kwa mwezi, na tangu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, wateja wakiwa wachache, mashine ni yake. Baada ya saa tisa wanaingia wanafunzi na wenye haraka, wanaokodi mashine kwa saa, hapo ni biashara tu.

Na anaifanyia nini hiyo mashine?

Hapa mwandishi alimwomba aeleze kwa lugha ambayo hata aliyeishia la saba ataielewa. Alifikiri kidogo, akanyoosha kiganja juu ya meza.

"Kuna chembe inaitwa muoni. Inatoka huko juu angani, inapita kwenye kiganja changu sasa hivi, inapita na kwenye chako. Huihisi. Ni kama ndugu mnene wa elektroni, ile ya umeme. Sasa hiyo muoni ina usumaku wake, kidogo sana. Kuna watu wanaupima kwa mitambo mikubwa, na kuna watu wanaupigia hesabu. Mimi niko upande wa hesabu."

Na faida yake?

"Pande mbili zikilingana, tunajua tumeuelewa ulimwengu mpaka hapo. Zisipolingana, basi kuna kitu kingine kipo, hatujakijua. Ndiyo maana hesabu lazima iwe safi mpaka tarakimu ya mwisho. Ukikosea alama moja, ukaweka kujumlisha mahali pa kutoa, utatangaza umevumbua kitu kipya duniani, kumbe umekosea kutoa."

Hesabu yenyewe inaanza na michoro. Mistari na vitanzi, kama kamba ya kufungia kuni iliyotupwa chini. Kila mchoro ni hesabu moja ndefu isiyoweza kumalizwa kwa mkono. Kwa hiyo wataalamu huandika programu, maelekezo ambayo mashine inayafuata, na programu hiyo hupewa wenzao duniani waitumie kama fundi anavyotumia futi. Futi ikiwa mbovu, nyumba zote zitapinda.

Ili isiwe mbovu, kila kipande hupigwa na watu watatu wasioonyeshana njia. Mwisho wanalinganisha majibu tu. Wawili wako Ujerumani. Wa tatu ni binti huyu wa Newala, kwenye duka la kadi za harusi.

Aliyemtafutia kazi hiyo ni Cuthbert, kijana wa Lisekese aliyemtangulia chuoni, sasa anasomea udaktari wa fizikia huko Ujerumani. Kundi lake lilihitaji mtu wa tatu, mwenye kichwa na uvumilivu. Cuthbert akawaambia ninaye mtu. Malipo yalikuwa madogo, ya kusukuma siku. Lakini kipande chake kikikubaliwa, angepewa mkataba. Kisipokubaliwa, basi.

Mama Dominika hakuipenda habari hii tangu mwanzo. Na mama yeyote anayesoma hapa asimlaumu haraka. Mtoto wako mmoja, umemsomesha kwa mikono yako, anakwambia anafanya kazi ya kuhesabu vitu visivyoonekana, kwa watu usiowaona, ndani ya duka la mwanamume asiye ndugu. Ungelala?

"Nilimwambia rudi, tupulize mikorosho dawa ya salfa, utapata kazi ya kueleweka," anasema Mama Dominika. "Akaniomba. Akasema, mama nipe mpaka msimu wa salfa wa mwaka kesho. Kazi hii isiposimama, narudi nyumbani na sitabishana na wewe. Nikasema sawa. Nikaanza kungoja salfa."

Salfa ikafika. Mwezi wa sita mwaka huu, mikorosho ya Newala ikaanza kupulizwa, na jibu la Veridiana lilikuwa limekataa.

Wale wawili wa Ujerumani walikuwa wamelingana. Yeye, tarakimu tano za mwanzo zilikuwa sawa na zao, ya sita ikaenda njia yake.

Mwanzoni hakuogopa. Alikagua kazi yake na siku ya kwanza tu alihisi ameuona ugonjwa wa hesabu yake: alama ya kutoa iliyosahauliwa kwenye kitanzi kimoja cha mchoro mmoja. Akaiweka. Akaiamuru mashine ipige upya. Jibu likatoka vilevile.

"Nikasema kumbe siyo hii. Nikaitoa ile alama, nikatafuta pengine."

Akatafuta wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila alichogusa, jibu halikusogea. Na kwa kuwa ni mtu msafi wa kazi, kila alasiri kabla ya kuwapisha wanafunzi alirudisha maandishi yake kama yalivyokuwa asubuhi, asije akasahau alichochezea. Kesho yake anaanza na sufuria iliyooshwa.

Akaacha kula mchana. Akaanza kutembea mtaani akisema peke yake: toa, jumlisha, toa. Masasi ni mji wa watu wanaoona. Mtu mmoja wa Newala aliyekuja sokoni akamwona, akaenda kumpa mama habari, na habari ikapanda mlima ikiwa imeongezewa chumvi njia nzima.

"Nilivyoambiwa mimi," anasema Mama Dominika, "mwanangu amechanganyikiwa. Anazungumza na hewa. Mmoja akasema nimpeleke kwenye maombi. Mwingine akasema kuna mtaalamu Tandahimba anatoa hesabu kichwani. Na mimi mjinga, siku mbili nilikuwa nafikiria nimpeleke kwa yupi."

Cuthbert naye akapiga simu. Veridiana anayakumbuka maneno yake.

"Vero, Ijumaa tunafunga. Toleo linatoka."

"Najua, kaka."

"Jibu lako likiwa bado halilingani, kipande chako nitakiondoa. Siyo mimi, ndiyo utaratibu. Nisamehe."

"Usiniombe msamaha kabla hujanizika," akamjibu, akakata simu, akaenda uani kulia.

Alhamisi, siku moja kabla ya kufunga, Mama Dominika aliteremka Masasi. Alikuwa na kikapu cha unga wa muhogo na kuku mmoja aliyefungwa miguu.

"Hodi humu!"

"Shikamoo, mama," Veridiana aliinuka.

"Marahaba. Hebu geuka. Hiyo ndiyo shingo? Kuku mwenye ugonjwa wa kideri ana shingo nzuri kuliko wewe."

Lukmani akaleta kiti. "Karibu Mama Vero, karibu ukae."

"Asante Baba Bimdogo, lakini sikuja kukaa. Nimekuja kuchukua mtu wangu. Gari la Newala linaondoka saa tisa. Yeye anajua tulivyokubaliana."

Veridiana hakubisha, maana ahadi ilikuwa yake mwenyewe. Aliomba jambo moja tu.

"Basi niachie mpaka hiyo saa tisa."

Mama akakaa. Kuku akawekwa chini ya meza ya fotokopi. Veridiana akarudi kwenye kioo, na kwa hasira, siyo kwa akili, anasema mwenyewe, akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Akaharibu hesabu yake. Mahali pa mbili akaandika elfu mbili. Alitaka tu kuliona jibu lile linaumia kama yeye.

Akaiamuru mashine ipige. Jibu likatoka. Lilelile. Hata tarakimu ya mwisho haikutikisika.

"Niligonga meza," anasimulia. "Nikasema kwa sauti, haisomi. Naandika, haisomi!"

"Nani haisomi?" mama akauliza.

"Mashine, mama. Haisomi ninachoandika."

"Basi kama haisomi mmekaa nayo ya nini? Uzeni."

Lukmani akaangua kicheko, lakini Veridiana hakumsikia. Wiki tatu alikuwa anatia chumvi kwenye sufuria moja na kupakua kutoka sufuria nyingine. Kwa nini? Hapo hakujua.

Mama Dominika akainuka, akasogea mpaka nyuma ya kiti cha mwanawe. Alikuwa anawaza gari.

"Haya, saa nane na dakika kumi. Bado tuna nafasi ya kwenda kuchukua nguo zako. Funga."

Veridiana akageuka polepole. "Mama, saa umeiona wapi?"

"Si hapo pembeni? Imeandikwa nane, halafu kumi. Nimesoma mpaka la saba, usinione hivi. Na nimeipenda, ina saa nzuri, inasema kama sisi."

Inasema kama sisi.

Veridiana akatazama saa ya mkononi. Mshale mdogo ulikuwa kwenye mbili, mahali ambapo sisi sote huku huuona ukiwa kwenye mbili na kusema nane bila kufikiri. Saa ya mashine haina mazoea hayo. Yenyewe saa nane mchana huihesabu kumi na nne. Ikiandika nane, kwake ni saa mbili ya asubuhi.

"Baba Bimdogo," alisema, na Lukmani anasema sauti ile ilimtisha, "nani anagusa saa ya hii mashine?"

"Mimi. Kila siku naitengeneza."

"Unaitengeneza?"

"Sasa wewe ukiiwasha asubuhi inakuja na saa za ajabu! Juzi juzi, mwezi ule, Gasper wa mashine ya kusaga aliingia saa nne na nusu kukodi kompyuta, wewe hukuwapo. Kioo kinasema kumi na nusu. Akapiga kelele mpaka barabarani, eti Lukmani anamtoza kuanzia alfajiri. Tangu siku hiyo nikija saa nne, wewe ukitoka kunywa chai, naiweka sawa, watu waone saa yao. Nilidhani unasahau. Nikaona nisikuaibishe."

Betri ndogo ndani ya kompyuta ile ilikuwa imekufa. Kila ikizimwa, inasahau saa. Kwa hiyo kila asubuhi Veridiana aliipa saa sahihi, kila saa nne Lukmani akairudisha nyuma saa sita nzima kwa nia njema kabisa, na kwa kuwa kesho yake ilikuwa imesahau tena, hakuna aliyemshtukia mwenzake.

Na saa ina uhusiano gani na hesabu ya ulimwengu?

Programu ile imegawanywa vipande vingi, Veridiana anaeleza, na kila kipande lazima kipikwe, yaani kigeuzwe kutoka maandishi ya binadamu kuwa ya mashine. Kupika vyote kila mara ni kupoteza umeme. Kwa hiyo kuna kiranja ndani ya mashine. Anapita akitazama: maandishi haya yameguswa baada ya kupikwa? Pika upya. Yaliguswa kabla? Pita, chakula kipo tayari.

Veridiana alikuwa anapika vyote saa tatu asubuhi. Alichorekebisha mchana, mashine ilikiandikia saa za Lukmani, kwa hiyo kilionekana kimeguswa asubuhi na mapema, kabla ya kupikwa. Kiranja akapita. Akatoa chakula cha asubuhi. Hali hiyo ingekwisha yenyewe baada ya saa tisa alasiri, saa ya mashine ikishaipita ile saa tatu ya kupikia, lakini hiyo ndiyo saa ambayo kila siku Veridiana alikuwa ameshawapisha wanafunzi.

"Kinachoniuma ni kwamba niliiona," anasema. "Mara ngapi nimetupia jicho pale pembeni! Naona nane, kichwani ni saa nane, naona sawa. Mzungu angeshtuka siku ya kwanza. Mimi hiyo nane nimezaliwa nayo."

Akairudisha saa kumi na nne. Akafuta elfu mbili yake. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye kitanzi kile, akaweka alama ya kutoa aliyoiweka siku ya kwanza kabisa na kuitoa. Akapika vyote upya.

Hesabu ikaanza. Inachukua muda wa kuchemsha maharage, na hakuna njia ya kuiharakisha. Lukmani alisimama mlangoni akiwarudisha wateja.

"Leo hapana jamani, tuna mgonjwa ndani."

"Mgonjwa nani?"

"Mashine. Ameamka lakini hajaongea."

Mama Dominika hakuelewa hata kimoja, anakiri. Alichokiona ni uso wa mwanawe. "Nikasema, huyu hajachanganyikiwa. Mtu aliyechanganyikiwa hatazami hivyo. Huyu anangoja, kama mimi nilivyongoja matokeo yake ya darasa la saba."

Jibu lilitoka saa tisa kasoro. Veridiana hakulitazama. Alimpigia Cuthbert kwanza.

"Kaka, shika la wenzako mkononi. Usiniambie kitu. Anza wewe kusoma moja, mimi nasoma inayofuata."

Zile tano za mwanzo zilipita haraka, hizo zilikuwa sawa siku zote. Ikafika ya sita.

"Nne," alisoma Veridiana.

Ikaja sauti ya Cuthbert, imebadilika: "Nne kweli. Inayofuata, saba."

"Saba ninayo. Moja."

"Moja. Vero... mbili."

"Mbili."

Mlangoni akatokea utingo wa gari la Newala, jasho linamtoka. "Mama wa Newala mwenye kuku yuko hapa? Gari linaondoka!"

Mama Dominika hakugeuza hata shingo. Alikuwa ameshika bega la mwanawe, midomo yake inatamka kila tarakimu.

"Mama, gari!"

"Liondoke," alisema. "Sisi tunahesabu."

Walifika mwisho. Hakuna tarakimu iliyokataa. Cuthbert alipiga kelele Ujerumani mpaka simu ikakwaruza, Lukmani akapiga makofi barabarani bila kujua anashangilia nini hasa, na utingo, aliyekuwa bado amesimama pale, akauliza kama kuna mtu ameshinda bahati nasibu.

"Tumeshinda salfa," Mama Dominika akamjibu.

Kuku yule hakurudi Newala. Aliliwa jioni ileile nyuma ya duka, na Veridiana alikula mpaka mama akasema sasa acha, utapasuka.

Kipande chake kiliingia kwenye programu siku ya Ijumaa. Toleo limetoka, na kwenye orodha ya waliolitengeneza yumo yeye, na jina la Masasi, Tanzania, limeandikwa mbele yake. Mkataba wake ni wa miaka miwili, na mikorosho ya mama mwaka huu imepulizwa na vibarua waliolipwa naye.

Cuthbert, alipoulizwa kwa simu, alisema kwenye kundi lao sasa kila mtu anakanyaga mguu kwanza. "Tulikuwa tunalinganisha majibu tu. Hatukuwa tunauliza kama mashine imetusikiliza. Hilo limetoka kwa Vero, na kosa lenyewe lilimtesa yeye, siyo sisi."

Mzazi mwenzangu, kuna mambo ya kuogopa hapa, na tuogope yale yanayostahili. Tusiogope mtoto anayesema peke yake njiani akihesabu. Tuogope maneno yanayopanda gari pamoja na abiria na kufika nyumbani yamenenepa. Mama huyu alikuwa amebakiza hatua moja kumpeleka binti mzima wa akili akatolewe hesabu kichwani. Angemrudisha siku moja tu kabla, leo tungekuwa tunasema kweli, alishindwa.

Na nyinyi vijana mnaoketi mbele ya hivi vioo, ambavyo sasa vinaingia kila mji kama mitumba: mashine haina aibu. Itakupa jibu la jana kama la leo bila kupepesa macho. Jibu lisilobadilika hata ukilichokoza, likimbie. Na muwe mnakula mchana, tafadhali. Shingo ile mimi niliiona kwenye picha.

Veridiana ana mpango. Nyumbani kwa mama yake, Newala, kuna chumba cha uani kilichokuwa cha kuhifadhia magunia ya korosho. Anataka kukiezeka upya, aweke umeme wa jua na kompyuta mbili zilizotumika, ili likizo wasichana wa sekondari waje wajifunze kuandika maelekezo ya mashine. Kabla ya hapo atajenga tangi la maji ya mvua. "Huwezi kumfundisha mtoto aliyetoka kisimani amechoka," anasema. Mwenyewe ameomba nafasi ya kusoma shahada ya pili Dar es Salaam, na kipande cha pili cha michoro tayari kiko mezani.

Lukmani naye amefanya lake. Kununua betri mpya kulichukua siku moja, lakini yeye hakuridhika. Ametundika ukutani saa mbili zinazofanana, na chini ya kila moja ameandika kwa mkono wake. Moja ni SAA YA WATU. Nyingine ni SAA YA MASHINE, MARUFUKU KUGUSA. Gasper wa mashine ya kusaga alipokuja tena alizitazama zote mbili muda mrefu, akauliza atatozwa kwa ipi.

Jioni Veridiana anamwambia mama yake kwenye simu kwamba Jumamosi atapanda Newala kumsalimia, atafika saa kumi na mbili.

"Saa kumi na mbili ya nani?" mama anauliza.

"Ya kwako, mama."

"Haya. Ukichelewa nitakuja kukuchukua mwenyewe."